Kumpokea Mgeni Usiyemjua: Ushauri kwa Wakristo wa Kilosa na Mikumi

Swali ambalo wasomaji hunirudia nalo mara kwa mara, kwa maneno mbalimbali lakini kwa fadhaa ile ile, ni hili: Mkristo afanyeje mtu asiyemjua anapobisha hodi usiku, au anapoonekana kando ya barabara hana nauli wala chakula, katika zama hizi ambazo kuwa na hadhari kumehesabiwa kuwa ndiko kuwa na akili? Waulizaji si watu wa choyo. Aghalabu ni watu wa dhamiri njema, waliokwisha kusikia mahubiri mengi juu ya kumkaribisha mgeni, wakaamini, kisha wakarudi nyumbani wasijue waanzie wapi. Kwa hiyo sitarudia mahubiri hayo, bali nitashughulika na mambo ya mkeka, ya unga, ya mlango na ya ufunguo.

Wilaya ya Kilosa ni nchi ya njia tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita bonde la mto Mkondoa, na Stanley, msafiri wa Kizungu aliyepita mwaka 1871 wakati wa masika, alitaabika sana katika matope ya Mkata. Baadaye Wajerumani wakaleta reli ya kati, mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yakawaita vibarua kutoka mikoa ya mbali, reli ya Kidatu ikapitishwa Mikumi, na barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia ikakata katikati ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Mwaka 2024 treni ya umeme nayo ikaanza kwenda Dodoma kwa njia ya Kilosa. Kwa hiyo mgeni wa kwetu mara nyingi si mjomba wa jirani wala mtani wa ukoo: ni abiria wa basi lililoharibika, utingo aliyeachwa na lori, mwanamke anayemfuata mgonjwa wake katika Hospitali ya Mtakatifu Kizito, au kijana aliyekuja kutafuta kibarua cha miwa. Huyo akiondoka, huenda msionane tena duniani. Wengi huona jambo hilo kuwa sababu ya kumpuuza, nami naliona kuwa ndiyo fursa, kwa maana katika Luka 14 Bwana aliagiza waalikwe hasa wale wasioweza kulipa, na hakuna asiyeweza kulipa kuliko mtu atakayekuwa Tunduma kesho jioni.

Matengenezo kabla ya mgeni

Soma tena habari za Msamaria katika Luka 10, safari hii ukitazama mizigo yake. Alikuwa na mafuta, alikuwa na divai, alikuwa na mnyama wa kupanda, na alikuwa na fedha ya kumpa mwenye nyumba ya wageni. Huruma ilimjia njiani, lakini vyombo vya huruma alitoka navyo nyumbani. Tena hakuivunja safari yake: alitoa dinari mbili, akagawana kazi na mtu mwingine, akaahidi kulipa ziada atakaporudi. Watu wengi wanaoshindwa kuwapokea wageni hawakosi moyo. Hawana kilichowekwa tayari, na mtu asiye na kilicho tayari, anapobishiwa hodi saa tano ya usiku, hushikwa na hofu kabla ya kushikwa na huruma.

Basi tengeneza haya mapema:

- Mapatano ya nyumba. Mume na mke, na watoto waliokwisha kupata akili, wakae pamoja waamue nyumba yao itampa nini mgeni yeyote, na nini haitampa. Uamuzi ufanywe mchana, wote wakiwa wameshiba na wametulia.
- Akiba ya mgeni. Mkeka mmoja, shuka safi, chandarua, sabuni, na kipimo cha unga na maharage visivyoguswa kwa jambo jingine. Chandarua usikisahau, maana mbu wa bonde la Mkondoa hawamwachi mtu kwa kuwa ni msafiri.
- Fedha yenye mpaka. Weka kiasi maalumu kwa mwezi, hata kiwe kidogo namna gani. Kikiisha kimekwisha, nawe utaweza kusema hivyo bila haya na bila uongo.
- Mahali pa kulala. Mwenye chumba kimoja na mabinti wakubwa asijilazimishe kulaza mtu ndani. Na apatane mapema na jirani, au na wazee wa kanisa juu ya chumba cha kanisani.
- Namba za simu. Ya mwenyekiti wa kitongoji, ya mtendaji wa kijiji, ya zahanati iliyo karibu. Na 112 ya polisi.

Jumuiya ndogo ndogo, au mtaa wa usharika, ukiweza kugawana zamu ya mwezi baada ya mwezi, mzigo wa mtu mmoja huwa mwepesi, na mgeni hapati kutangatanga nyumba hadi nyumba akihesabu milango iliyofungwa.

Hodi ya usiku

Mgeni akibisha, fuata utaratibu huu, nao usiupindue.

1. Itikia. Kunyamaza ndani na kuzima taa ili adhani hamna mtu ni jambo la kumdhalilisha, tena ni somo baya kwa watoto wako wanaokutazama gizani.
2. Usifungue ukiwa peke yako. Amsha mtu wa pili, washa taa ya nje, msalimie kwa salamu inayolingana na umri wake.
3. Mpe maji na mahali pa kuketi barazani. Katika Mwanzo 18 Ibrahimu aliwapa wageni wake maji na kivuli cha mti kabla ya kujua wametoka wapi. Mtu aliyekwisha kunywa maji husema kweli kwa urahisi zaidi kuliko mtu anayehojiwa na kiu.
4. Kisha uliza: jina lake, atokako, aendako, na jambo lililomkwamisha. Uliza kama mtu atakaye kusaidia. Usimhoji kama askari wa zamu.
5. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji umwarifu kuwa una mgeni, naye mgeni akiwapo anasikia. Mwambie kuwa ndiyo desturi ya kijiji, na kwamba humdhanii vibaya. Mwenye nia njema hufurahi kujulikana, na mwenye nia mbaya mara nyingi hukumbuka kuwa ana safari.
6. Mpe chakula kilichopo. Usimcheleweshe kwa kutafuta kuku usiku.
7. Mwonyeshe choo, mwonyeshe maji ya kuoga, mwambie saa ambayo nyumba huamka. Kisha mwache apumzike. Uchovu wa njia haupendi mazungumzo marefu.

Ikiwa dalili za hatari ni wazi, kama vile ulevi wa kupindukia, ukali, silaha, au habari zinazobadilika kila unapouliza, basi usimwingize. Hapo bado una wajibu wa maji, wa chakula kinachopitishwa nje, na wa kumfikisha mahali penye watu na ulinzi. Wa Mikumi wasimwambie mtu yeyote aendelee kwa miguu usiku kuelekea upande wa Doma. Barabara hukaa ndani ya hifadhi kwa kadiri ya kilomita 50, na tembo na simba hawana habari ya shida za msafiri. Mpelekeni stendi au kituo cha polisi, angojee alfajiri.

Mwanamke aliye peke yake, au mwenye mtoto, alale chumba cha wanawake, na mazungumzo naye yaongozwe na mama wa nyumba. Mwanamume wa nyumba asimsindikize peke yake gizani, hata nia ikiwa safi kama theluji ya Kibo. Mtoto aliyepotea au aliyetoroka usimfanye mtumishi wako kwa kisingizio cha kumlea: mpe chakula, mwarifu mwenyekiti na ofisi ya ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya watoto.

Nani anayepika?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika barua zinazonifikia jambo hili hufichwa nyuma ya mengine. Wapo wanaume wanaosifiwa mji mzima kwa ukarimu wao, ambao hawajawahi kuteka ndoo moja ya maji ya mgeni. Wao hukaribisha kwa kinywa. Mke huamka, huwasha moto, hupika, hutandika, hufua shuka asubuhi, kisha huenda shamba akiwa amelala kwa muda wa saa tatu tu. Huo si ukarimu wa nyumba. Ni ukarimu wa mtu mmoja uliolipwa kwa jasho la mwingine, na anayelipa hakuulizwa.

Mume mwenye kutaka thawabu ya mgeni na achukue sehemu ya kazi ya mgeni. Ateke maji, awashe jiko, atandike mkeka, aoshe vyombo. Na akiona aibu kufanya hivyo mbele ya mgeni, aipime aibu hiyo mbele ya Bwana aliyewaosha wanafunzi wake miguu. Mke naye awe na haki ya kusema, “Leo hatuwezi,” na neno lake lisitangazwe kwa jirani kuwa ni ubahili. Nimesikia akina mama wengi wakiitwa wachoyo ambao kwa hakika walikuwa wamechoka.

Mashaka mnayoniletea

*“Mimi ni maskini, nina nini cha kumpa mtu?”* Elia alipofika Sarepta, katika 1 Wafalme 17, aliomba maji kwanza, kisha mkate mdogo; mjane aliyemkuta huko hakuambiwa aandae karamu. Kikombe cha uji, kivuli, simu ya dakika mbili ya kumpigia ndugu yake, kuelekezwa njia kwa uaminifu: hivi vinampata msafiri mahali panapomuuma. Usikope ili kumkirimu mtu. Mgeni aliyekula deni lako atakuwa amekuachia hasira, na hasira hiyo itamwangukia mgeni wa pili.

*“Atatuibia.”* Huenda. Kwa hiyo weka fedha, simu na hati mahali pa kufungwa, mlaze sebuleni mlango wa ndani ukiwa umefungwa, na mwenyekiti awe na habari. Baada ya hayo, yaliyobaki ni hatari ya kiasi ambayo mtu huikubali pia anapopanda basi au anapofungua duka.

*“Si wa dini yetu.”* Katika wilaya hii Waislamu na Wakristo wamezikana na kuozana tangu enzi za babu zetu, na ni ajabu kwamba swali hili bado huulizwa. Mgeni Mwislamu usimpe nyama bila kumwambia ni nyama gani na imechinjwa na nani. Ukiwa na shaka, mpe maharage, mboga au samaki. Mwonyeshe kibla na maji ya udhu. Ikiwa ni Ramadhani, muulize saa ya daku umwamshe. Usimhubirie akiwa na njaa, wala usifanye sala kuwa bei ya ugali. Akiuliza kwa nini umemtendea hivyo, mjibu kweli kwa maneno machache. Asipouliza, umekwisha sema.

*“Ni mfugaji,”* au kutoka upande wa pili, *“Ni mkulima.”* Hili ndilo zito kuliko yote, wala sitalipita mbio. Kati ya wakulima na wafugaji wa Kilosa pana damu: Desemba 2000, katika Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa kwa mara moja, na magomvi ya malisho na maji yamerudi mara nyingi tangu siku zile. Kwa Myahudi aliyesikia mfano wa Bwana, Msamaria alikuwa mtu wa aina hiyo hiyo, mtu ambaye jina la kabila lake lilitosha kukunja uso wa msikilizaji. Kwa hiyo mchungaji wa ng’ombe aliyeumwa na nyoka, au mkulima aliyepotea njia karibu na boma, ndiye mgeni ambaye juu yake utajua kama umejifunza kitu.

Lakini mpokee kwa busara. Mkaribishe barazani, mahali pa wazi, wala si chumbani kwa siri, ili majirani wenye uchungu wasidhani mna njama. Waite wazee wawili mashahidi. Tenga jambo la mtu na jambo la mifugo: mtu apewe maji na dawa mara moja, na habari ya ng’ombe walioingia shambani ipelekwe kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo, bila kutozana fidia kwa nguvu wakati mtu angali anatetemeka kwa homa. Tena watume habari kwa watu wake kwamba yuko salama na yuko kwako. Ukimya wa usiku mmoja umewahi kuzaa uvumi, na uvumi ukazaa mikuki.

Ajali ya barabarani

- Simama mahali salama, weka matawi ya miti mbali kwa pande zote mbili ili magari yanayokuja yaonywe.
- Lori la mafuta likipinduka, kimbia na uwakimbize wengine. Usikaribie kwa ndoo wala kwa udadisi. Msamvu, mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kwa moto wa namna hiyo. Piga 114 ya zimamoto na 112 ya polisi.
- Usimvute majeruhi mwenye maumivu ya shingo au mgongo, isipokuwa moto au maji yanamkaribia. Zuia damu kwa kitambaa safi ukikandamiza jeraha.
- Mali ya majeruhi ikusanywe mbele ya mashahidi, ikabidhiwe polisi. Anayechukua simu ya mtu anayekufa amefanya jambo baya kuliko kuhani na Mlawi wa mfano wa Msamaria, ambao walau walipita kando.
- Usiogope hospitali wala karatasi. Fomu ya polisi, PF3, itahitajika kwa majeruhi, lakini mfikishe kwanza mahali pa kuokoa uhai wake huku mwenzako akienda polisi.

Mto unapofurika

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mji wa Kilosa, ukaharibu reli, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Januari 2014 maji ya mto Mkundi yakakata barabara ya Dodoma pale Dumila, na nyumba za Magole zikazama. Katika siku kama hizo wageni hawabishi hodi mmoja mmoja. Hujaa mji kwa saa moja.

Neno langu la kwanza ni kwa wafanyabiashara, kwa kuwa katika mji kama Mikumi, wenye nyumba za wageni, mama lishe na waendesha bodaboda, kumpokea mgeni ni riziki ya watu wengi, na riziki hiyo ni halali. Njia ikikatika, uza kwa bei ya jana. Chupa ya maji isipande, chumba kisipande, nauli ya pikipiki isipande. Mkristo aliyepandisha bei kwa kuwa abiria hana pa kwenda, kisha Jumapili akatoa sadaka kubwa kutoka katika faida hiyo, ametoa mali ya watu. Ukiweza, acha chumba kimoja kwa wasio na fedha. Usipoweza, bei ya jana inatosha kuwa hisani.

La pili: maji ya kunywa yachemshwe, na choo kichimbwe mapema, maana kipindupindu hufuata mafuriko. La tatu: msaada ugawiwe kwa orodha iliyoandikwa na wenyeji pamoja na wakimbizi wenyewe, mbele ya watu, bila kuanza na waumini wa kanisa lako.

Wasafiri waliofichwa

Katika barabara zetu hupita pia vijana kutoka Ethiopia na Somalia, waliosongamanishwa katika malori na watu waliochukua fedha zao. Juni 2012 miili ya zaidi ya watu 40 wa namna hiyo ilikutwa wilaya ya Kongwa, katika mkoa jirani wa Dodoma, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Ukiwakuta vichakani, wape maji kidogo kidogo, uji, na kivuli. Usiwafiche, usiwasafirishe, usipokee fedha ya mtu yeyote juu yao. Sheria ya mwaka 2008 inakataza biashara ya kusafirisha binadamu, na anayewaficha kwa huruma hujikuta amemtumikia mfanyabiashara. Waarifu viongozi wa kijiji na polisi, lakini baki pale mpaka waje, ili wasipigwe na umati.

Makosa ya mwenye kutoa

Ria ndiyo ya kwanza: kumpiga mgeni picha akila, kumtangaza kanisani kwa jina, kumsimulia sokoni. Masimango ndiyo ya pili, nayo ni mabaya zaidi, kwa kuwa mtu aliyesimangwa hutamani angelala njaa. La tatu ni kudai kazi, mapenzi, au ibada kwa sababu ya sahani ya chakula. Na la nne ni kumpa kilichoharibika: unga wenye fukusi na shuka yenye kunguni ni afadhali vitupwe.

Siku ya tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na baadhi yetu wameligeuza neno hilo kuwa fimbo ya kufukuzia. Yapo *Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili*, kitabu kidogo cha Wakristo wa kale, nacho kinaagiza karibu jambo hilo hilo: mpita njia asaidiwe siku mbili au tatu, na anayetaka kukaa afanye kazi ale. Asubuhi ya siku ya tatu keti naye, muulize shida iliyobaki. Anayengoja nauli, mtafutie dereva unayemjua badala ya kumpa fedha mkononi. Anayemuuguza mtu, umpe kitu cha kufanya nyumbani ili asijione mzigo. Anayetafuta kazi, mpeleke mwenyewe kwa mtu. Asiyetaka lolote kati ya hayo umwambie kwa upole siku ya kuondoka, nawe usiibadili.

Anapoondoka

Msindikize mpaka njia kuu, mpe chakula cha njiani na maji. Usimwombe ahadi ya kurudi wala ya kukukumbuka. Mwarifu mwenyekiti kuwa ameondoka, fua shuka, anika mkeka, jaza tena kipimo cha unga siku hiyo hiyo kabla hujasahau. Ukigundua ameiba, toa taarifa polisi kwa ukweli, bila kuongeza. Lakini unapowasimulia majirani, usitaje kabila lake, wala dini yake, wala mkoa atokako. Kwa maana huenda wiki ijayo akashuka mwingine wa kabila hilo hilo katika stendi ile ile, akabisha hodi katika nyumba ambazo wewe ndiye uliyezitia hofu.